Usikanyage Waya

"Isiko, ngoma yako inakula maneno yangu. Haitafuni hata kutafuna, inameza mazima mazima. Mimi nasimama hapa mbele nimefungua kinywa, watu wanaona meno tu."

Maneno hayo aliyasema Ramula Nandutu katika karakana ya Jibril, huko Mpumudde mjini Jinja, Jumamosi mchana, mwanzoni mwa Agosti 2024. Na huo haukuwa mwanzo wa ugomvi. Mwanzo ulikuwa asubuhi. Kufikia mchana alikuwa ameshalalamikia joto, chai isiyo na tangawizi, na mageti ya chuma ambayo Jibril hakuyamaliza kuchomea na ambayo yalitetemeka kila gitaa la besi lilipolia. Sasa zamu ilikuwa imemfikia mpiga ngoma.

Isiko ni mtu wa polepole. Hata akiitwa kula huja kama anayekwenda kuhojiwa. Alilishika toazi kwa vidole viwili mpaka likanyamaza, akamtazama Ramula, akauliza, "Kwani mle ndani kuna maneno, dada?"

Jibril, mwenye karakana na mwenye bendi, akajifanya anarekebisha gitaa. Asadu wa besi akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala.

Wimbo ule aliutunga Ramula mwenyewe. Ulikuwa na beti nane, unamhusu mwanamke anayengoja maji ya bomba na mume kwa wakati mmoja, na vyote viwili havifiki. Aliuandika nyuma ya karatasi za vipimo vya sare za shule, kwa hiyo ubeti wa tano ulikuwa umebanwa na kifua cha mtoto wa darasa la tatu, inchi ishirini na nne. Alikuwa ameupenda kuliko wimbo wowote. Mtu akigusa kitu kama hicho, mdomo wa Ramula hauna breki, na siku ile ulikuwa kwenye mteremko.

"Ondoka basi," akasema. "Kwetu Mbale watu wanazaliwa wameshika fimbo za ngoma. Nitapata mwingine kabla chai hii haijapoa."

"Sawa," Isiko akasema. Akaanza kulegeza skrubu za matoazi moja baada ya nyingine, bila haraka, akayatia katika gunia lililokuwa la unga wa posho. Mlangoni aligeuka. "Na mama yangu bado anangoja wimbo wake. Mwaka wa nne huu. Na huo nao umemezwa na ngoma yangu?"

Akapanda boda boda na gunia lake mapajani. Kila shimo la barabara lilimtolea sauti ya toazi, wakamsikia mpaka alipofika lami.

Ramula akainua kikombe cha chai. Kilikuwa baridi tangu zamani.

Wimbo wa mama yake Isiko lilikuwa deni la kweli, tena dogo, na ndiyo maana lilimwasha. Miaka minne nyuma bibi yule aliugua mguu, akamwambia mwanawe kwamba angependa kuimbiwa wimbo mmoja na yule mwanamke anayeimba kama anayegombana. Ramula akaahidi Ijumaa. Ijumaa ile sare za shule nzima zilikuwa hazijatiwa vifungo. Ijumaa iliyofuata kulikuwa na harusi Iganga. Ijumaa ya tatu ilikuwa tayari aibu kwenda, na aibu ikikaa sana mahali pamoja hujifanya imesahau.

Lakini siku ile hakuwa na nafasi ya kuhangaika na deni hilo. Alikuwa na balaa jipya. Kulikuwa na kijana mmoja Mbale aitwaye Andrew, mtoto wa marehemu dada yake, aliyekuwa na studio mtaa wa Nabuyonga: chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai na magodoro ya bweni. Mwenye nyumba alitaka chumba chake ifikapo mwisho wa wiki, na Andrew alikuwa anahamia Kampala. Kabla hajabandua trei zake alimpa mama yake mdogo siku tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, bure, kwa sababu mama mdogo ndiye aliyemshonea kaptula zote za shule ya msingi na hakuwahi kumcheka makalio.

Bendi yao, Mtambo Jazz, ilikuwa na umri wa miaka kumi na saba na haikuwahi kutoa albamu. Ilipiga katika harusi, mahafali, michango ya kujenga misikiti na makanisa bila kuchagua, na uzinduzi wa hoteli moja ambako waliombwa wapunguze sauti, kisha wapunguze tena, kisha waondoke. Sauti ya Ramula iliwahi kuhifadhiwa mahali pamoja tu, katika simu ya shabiki, na simu hiyo ilifia ndani ya beseni la nguo. Sasa alikuwa na miaka hamsini na moja, na noti za juu zilikuwa zimeanza kubishiwa hodi mara mbili kabla ya kufungua. Siku tano zile zikipita bila mpiga ngoma, hakutakuwa na albamu, bendi itakufa, na Jinja nzima itajua imeuawa na fundi cherehani.

Maana hiyo ndiyo kazi yake. Anashona barazani, kwenye duka moja la kale la Wahindi pale mjini, lile lenye tarehe ya kujengwa iliyochorwa juu ya mlango na mavi ya njiwa chini yake. Alizaliwa Nabuyonga, akasoma mpaka darasa la saba, akaolewa Jinja akiwa na miaka kumi na tisa. Mumewe alikwenda Juba kuuza sabuni. Aliiuza vizuri kabisa, mpaka akaongezewa na mke. Ramula hakumfuata. Alisema nauli ya kwenda kupigana ni ghali kuliko cherehani, akanunua cherehani.

Kuimba kulikuja kwa njia ya matusi. Siku moja Jibril alileta turubai lishonwe liwe vazi la spika, akamkuta Ramula anamgombeza mteja huku anakanyaga mashine, na pembeni lori linatia moto, na kila neno linasikika. Jibril ana wazee waliokuja na jeshi kutoka Sudani, na kwao sauti ya kupita katika kelele ni mali. Akamwambia, "Dada, unayoyasema hayanifai, lakini hiyo sauti naihitaji." Yeye ndiye aliyetaka muziki wa jazi ulioposwa na rock, wenye gitaa linalochukua safari ndefu lisiseme linarudi lini. Nyimbo zake zina mapigo saba. Mchezaji akihesabu sita anashusha mguu, kumbe bado moja, mguu unabaki hewani kama wa korongo. Ramula alijifunza kuimba akiwa na mguu hewani. Alijivunia jambo hilo kwa watu ambao hawakuuliza.

Basi Jumatatu wakawa Nabuyonga, watu watatu na vyombo vya watu wanne. Ramula akavaa kitenge chake kizuri na kutoka kwenda kuokota mpiga ngoma, kama mtu anayekwenda kuokota kuni.

Nyumba ya kwanza alimkuta mwanamume anakaza ngozi ya ngoma kwa meno. Akamweleza shida yake, na kwamba ni siku tano tu, na kwamba chakula kipo. Yule bwana akaitoa kamba mdomoni.

"Mama, wewe unatoka wapi?"

"Jinja. Lakini mimi mtoto wa hapa hapa."

"Na huko Jinja ni mwaka gani?"

Ramula akafungua kinywa kusema ni elfu mbili ishirini na nne, na hapo ndipo alipousikia mwenyewe. Ulikuwa mwaka unaogawanyika kwa mbili. Mwaka wa tohara. Alikuwa na kaka wanne, na wote wanne walikatwa katika miaka ya namna hiyo, kila mmoja akitembezwa wiki nzima kwa ngoma za kadodi, amepakwa unga wa mtama, watu mia nyuma yake wakiruka. Utotoni hakuwa anajua kusoma kalenda lakini mwaka wa tohara alikuwa anaujua. Na sasa mwanamke mzima, aliyejitapa mbele ya watu kwamba kwao watu huzaliwa na fimbo mkononi, alikuwa amekuja Mbale mwezi wa Agosti, katika mwaka wenyewe, kutafuta mpiga ngoma asiye na kazi. Ni kama kwenda machinjioni asubuhi ya Idd kumtafuta mchinjaji aliyelala.

"Sisi tumechukuliwa mpaka Desemba," yule bwana akasema, kwa upole uliouma kuliko kicheko. "Rudi mwakani. Mwakani tunakaa bure tu."

Alikwenda nyumba nyingine sita. Mbili zilikuwa na wake tu, tatu zilikuwa na kufuli, na moja ilikuwa na mzee aliyesema angekuja, ila yeye hupiga filimbi.

Jibril alimngoja mlangoni pa studio. Akauliza kama amepata. Ramula akasema yuko mmoja anakuja kesho. Jibril akauliza anaitwa nani. Ramula akasema anakuja kesho.

Jumanne walijaribu ngoma za kinanda cha Andrew, zile zilizofungiwa ndani ya kitufe. Kitufe kilijua kuhesabu mpaka nne, na kwa kubembelezwa sana mpaka tatu. Saba hakikutaka kusikia. Asadu alijaribu kupiga godoro kwa ndala. Jibril akasema bora angevaa hizo ndala aende nyumbani, na hakuna aliyecheka, kwa sababu wote walikuwa wameanza kufikiria hilo hilo.

Ramula akatoka nje, akajificha nyuma ya choo, akampigia Isiko. Simu ikalia mpaka ikachoka. Akamtumia ujumbe wa sauti wa dakika mbili, na katika hizo dakika mbili, moja na nusu ilikuwa ya kueleza kwamba haombi. Baada ya saa moja Isiko akajibu kwa picha ya dole gumba. Ramula alilitazama dole lile, akaigeuza simu huku na huku. Je, anakuja? Amesikia tu? Anamuaga? Hakumwonyesha mtu. Mwanamke aliyewahi kusema kwamba maneno yake yanaliwa alikuwa amejibiwa na mtu asiyetumia hata neno moja.

Jumatano, saa nane mchana, ngoma zikaja zenyewe.

Zilitokea upande wa barabara ya chini, na watu nyuma yake, na mbele kabisa kijana mrefu aitwaye Erisa, mwenye unga wa mtama kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, anaruka kama chini kuna makaa. Walikuwa wamempeleka kwa mjomba wake, ndugu wa mama, ambaye nyumba yake ilitazamana na studio ya Andrew. Kijana wa tohara lazima afike kwa mjomba na mjomba lazima atoe kitu. Lakini mjomba hakuwepo. Aliposikia ngoma kwa mbali alikumbuka kwamba hana mbuzi, akatokea mlango wa nyuma kwenda kumtafuta. Basi msafara mzima ukakaa kivulini mwa ukuta kungoja. Ngoma tano zikawekwa chini.

Ramula aliona ngoma tano zimekaa. Hakuona kitu kingine chochote duniani.

Mkuu wa ngoma alikuwa Mafabi, mwanamume wa makamo mwenye mabega ya kubeba mlango. Ramula akamsimamia kichwani, akamwomba mkono wake kwa nusu saa. Mafabi akasema mkono hauji peke yake, kadodi ni ngoma tano. Ramula akasema waje wote. Mafabi akakuna shingo.

"Lakini mama, yule kijana. Si unajua ngoma ikilia, yeye..."

"Najua, najua," Ramula akasema, ameshamshika kiwiko. "Mimi mtoto wa hapa."

Na kweli alikuwa anajua. Ujuzi ulikuwa umekaa pale pale ulipokaa ule wa mwaka wa tohara, mahali ambapo hakupita siku hizo.

Wakapanga ngoma tano ndani ya chumba kisichotosha kitanda na kabati. Andrew akaning'iniza maikrofoni, Jibril akamweleza Mafabi habari za mapigo saba. Mafabi alisikiliza kwa heshima, kama mtu anayesikiliza mgeni akieleza jinsi ya kupika matoke. Kisha akasema, "Bwana, sisi tutapiga yetu. Wewe utafuata."

Wakapiga.

Hazikupita sekunde kumi mlango ukafunguka kwa bega na Erisa akaingia anaruka. Macho yalikuwa mekundu kwa uchovu na uso umenuna, lakini miguu haikumwuliza. Ngoma zake zikilia yeye hawezi kukaa. Akikaa, watasema ameogopa kisu. Nyuma yake wakaingia shangazi, binamu, majirani, na watu ambao walikuwa wanapita tu kununua mkaa. Walioshindwa kuingia waliimbia dirishani. Trei za mayai zikaanza kudondoka ukutani. Unga wa mtama ukajaa hewani mpaka Asadu akapotea na ikabaki besi yake.

Jibril alikuwa amekodoa macho. Halafu gitaa lake likaacha kuhesabu, likakimbia nyuma ya ngoma kama mbwa anayemfuata mwenyewe sokoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba Ramula akasikia safari ya Jibril inayojua inakokwenda. Akafunga macho na kuanza ubeti wa kwanza, mwanamke na bomba. Akafungua kinywa chote. Hakujisikia. Aliimba beti tatu za maji na mume bila hata yeye mwenyewe kujua kama yuko katika maji au katika mume.

Wimbo wa kwanza ukaisha. Erisa akakaa chini, mbavu zinapanda na kushuka. Ramula akamwambia Mafabi wa pili, upesi. Wakapiga wa pili. Erisa akasimama. Ukaisha, akakaa. Ramula akasema wa tatu.

Hapo mkono ukamshika ukosi wa kitenge. Ulikuwa wa Nabifo, shangazi yake Erisa, mwanamke mfupi aliyevaa gomesi yenye mabega makali kama pembe.

"Wewe, binti wa nani wewe?" akasema taratibu. "Huyu amecheza tangu alfajiri. Kesho kutwa anasimama mbele ya kisu. Akitetemeka, hata ukope, ukoo wetu unachekwa mpaka kwa wajukuu. Utakwenda kuwaambia alichoka kwa sababu ya redio yako?"

Ramula alijaribu kusema kwamba si redio, ni albamu. Hata masikioni mwake neno lilisikika dogo. Alimtazama kijana, akaona magoti yake. Kaka yake wa tatu alikuwa na magoti kama yale, na mama yao alisimama nje usiku kucha akimwombea yasitikisike. Haya yote alikuwa anayajua.

"Nisamehe, shangazi," akasema. Na kwa kuwa hilo lilimtoka mara chache sana maishani, lilitoka limepinda, akalirudia. "Nisamehe. Nimekosa."

Nabifo akamwachia ukosi. Akasema samahani haimpi kijana nguvu. Kama kweli ana sauti, amwimbie yeye, si huyo mwanamke wa bomba. Amwimbie jina lake na la babu yake, mara moja, ngoma polepole, na watu wote waitikie, halafu wampeleke alale.

Basi wimbo wa tatu, ule ambao Ramula alikuwa ameupangia sauti yake ya juu kabisa, ukawa wa Erisa. Ramula alitoa jina, watu themanini wakalipokea. Hakukuwa na beti. Katikati ya wimbo Erisa, ambaye ngoma zilikuwa zimemwinua tena, akaanza kurudi nyuma kwa hatua ndogo ndogo, amefumba macho, kuelekea kwenye waya mkubwa uliokuwa umebeba umeme wa chumba kizima, umelegea, umeungwa kwa gundi ya karatasi. Ramula akaona. Akaacha jina la babu wa watu, akapaza sauti ile ya barazani, ya kupita juu ya lori:

"Mwambieni asikanyage waya!"

Watu, ambao kazi yao ilikuwa kuitikia, wakaitikia. Themanini kwa pamoja: asikanyage waya. Mafabi akalipenda, akalipigia. Wakalirudia mara saba, huku Nabifo amemshika mpwawe kiuno na kumvusha. Jibril baadaye alikula kiapo kwamba walikuwa wamehesabu mapigo yake saba.

Mjomba akarudi na mbuzi. Wakaondoka.

Alhamisi na Ijumaa zilikwenda katika kuongeza magitaa na kufagia unga. Ijumaa jioni, kabla Andrew hajaanza kung'oa misumari, wakaketi juu ya magodoro kusikiliza. Ramula alikuwa amevaa kitenge kilichofuliwa. Katika wimbo wa kwanza kulikuwa na ngoma, gitaa, na mahali fulani mbali kama mtu anayeita kuku. Huyo alikuwa yeye. Wa pili, kuku walikuwa wameshapatikana. Wa tatu ukafika katikati, na ghafla, wazi, safi, kila herufi mahali pake, sauti yenye nguvu kuliko zote alizowahi kuzitoa duniani: Mwambieni asikanyage waya.

"Mama mdogo, naweza kulikata," Andrew akasema, "ila nikilikata, na ngoma inakatika."

Ramula akapiga hesabu. Alikuwa amemfukuza mtu aliyepiga ngoma moja, akaenda kutafuta tano na mtaa mzima juu yake. Isiko alikuwa anakula maneno. Hawa walikuwa wamekula mpaka sahani.

"Liache," akasema.

Sasa Jinja imeusikia. Vituo viwili vya redio vimeupiga ule wa tatu, na albamu yenyewe, ya nyimbo tatu ndefu, Jibril ameipa jina la Usikanyage Waya bila kumwuliza mtu. Pale barazani madereva wa boda boda wakipita karibu na cherehani wanapaza sauti, jamani waya. Beti nane za bomba hakuna anayezijua. Mteja mmoja alimwuliza kama ni kweli yeye ndiye yule mwimbaji, na Ramula alipokubali, yule akasema hongera, na je, wale wengine wote walikuwa akina nani.

Bendi ilihitaji mtu wa kuupiga jukwaani, na Mafabi hakuwa huru mpaka Desemba. Hiyo ndiyo sababu Ramula aliyompa Jibril ya kwenda Budondo, kwa akina Isiko, Ijumaa moja baada ya swala. Ilikuwa sababu nzuri, nayo ilikuwa ya uongo nusu.

Alimkuta Isiko anamenya mihogo uani na mama yake ameketi kwenye mkeka, mguu mbaya umenyooshwa. Akapewa chai, akaiweka chini na kuwawekea albamu katika simu. Isiko aliisikiliza yote, kisu kimesimama hewani. Ilipofika kwenye waya, mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka bila sauti mpaka akaweka muhogo chini.

"Nilipokea ujumbe wako," akasema mwishowe. "Ulisema sana. Sikujua unataka nini, nikakutumia dole."

"Nilitaka urudi."

"Hilo hukulisema."

"Nalisema sasa. Na nimekuja kwa wimbo wa mama."

Mama yake Isiko alikuwa amezidi kupoteza masikio tangu ule mwaka wa kuugua. Ramula alipiga magoti mbele yake, akaanza wimbo wa bomba, polepole, kila neno likiwa limepigwa pasi. Huku mwanawe amenyamaza, hakuna chombo, hakuna lori, hakuna kitu cha kula neno hata moja. Hivyo ndivyo alivyotaka kuimba miaka yote. Bibi akamtazama kinywa kwa subira. Baada ya ubeti wa pili akamgeukia mwanawe, akauliza mgeni anasema nini.

Ramula akaacha kuimba.

"Isiko," akasema, "lete kitu upige."

Isiko akapindua beseni la mihogo, akaanza kwa vidole, kwa adabu, kama mtu anayeogopa kuambiwa tena.

"Kwa nguvu, wewe. Mama hasikii."

Akapiga kwa nguvu. Mtetemo ukapita ardhini, ukaingia kwenye mkeka, na ule mguu mzuri wa bibi ukaanza kupokea, kisha kichwa, kisha mikono. Ramula aliimba beti zote nane juu ya beseni lile, na kama kuna aliyeyasikia maneno ni kuku. Walipofika mwisho bibi alikuwa anapiga makofi, amechelewa kidogo, uso wote umefunguka.

"Sasa nimesikia," akasema. Kisha akamshika Ramula mkono. "Umechelewa, lakini umelipa. Isiko, mpe mwenzako chai, ile yake imepoa."